Daftari la Naivasha

Jumatano, 9 Agosti. Usiku, nyumbani

Begi limekataa kufunga. Nimetoa shali, nimerudisha shali, nimetoa tena. Mwanangu Z. kasema baridi ya huko haina utani. Mimi baridi naijua ya friji. Mahamri nimeyatia kwenye ndoo yenye kifuniko, achari ya maembe chupa mbili, nazi zilizofuliwa, pweza mkavu. Huko, kasema, nazi ni ya kuulizia duka kwa duka.

Babake kakaa kibarazani akinitazama ninavyopanga. Alisema mara moja tu, lakini kwa ile sauti yake. "Muulize. Usije ukaniletea habari za hali ya hewa."

Nitamuuliza. Si nimesema nitamuuliza.

Jirani kapita kuchukua sinia lake. Kusikia natembezwa Hell's Gate akacheka mpaka akashika mlango. Motoni mtu hupelekwa, mwenzangu. Wewe wajipeleka mwenyewe, na nauli juu? Nikamwambia na baiskeli nitakodi. Kateremka ngazi akicheka hadi chini. Kesho mtaa mzima utakuwa na habari.

Hilo la baiskeli si mzaha. Z. kasema mbuga hiyo watu huingia kwa miguu na kwa baiskeli, wakapita katikati ya wanyama. Nyati je? Nyati wapo, Mama, ukiwaona wajitenga nao. Chui je? Chui hajitokezi mchana. Ndiyo majibu ya kunituliza hayo! Na cha kutazamwa huko ni nini hasa? Mawe, kasema. Majabali. Nisafiri kutwa nzima nikatazame mawe.

Stima imekatika. Naandikia mwanga wa simu. Na mwanangu ndiye eti aliye huko stima inakotoka.


Alhamisi, 10 Agosti. Njiani

Treni imejaa. Tsavo imepita dirishani, udongo mwekundu, ndovu kwa mbali nao wekundu. Kando yangu mama mmoja na mjukuu, mtoto kalala magotini mwangu bila kuomba ruhusa. Sikumwamsha.

Nairobi sikukaa. Makanga wa matatu ya Naivasha alipoipokea ndoo akainusa. Mahamri? Nikampa moja. Nimepata kiti cha mbele.

Kisha pale barabara inapofika ukingoni, na chini yako Bonde la Ufa. Lote. Dereva anateremka huku anaongea na simu, mimi nasoma Ayatul Kursi. Longonot upande wa kushoto, mlima uliokatwa kichwa. Nilisahau kuogopa kwa muda kidogo. Halafu dereva akashika kona, nikakumbuka.

Usiku, kwa Z.

Kaja kunipokea stendi na buti za kazi, zina matope hadi vifundoni. Amekonda. Au amekomaa, sijui, nilimtazama sana mpaka akaniambia Mama basi. Kanichukulia ndoo na begi, vyote viwili, mkono huu na huu. Babake ndiye huyo anayebeba vile.

Chumba kidogo, safi. Jiko la gesi, kitanda, meza. Nguo ziko kwenye sanduku zimevurugika. Mawe ndiyo yaliyopangwa! Dirishani, kwa safu, kila moja na kikaratasi chake. Moja jeusi, linang'aa, ukingo wake unakata kweli. Nimejaribu kwa kidole nikakiondoa haraka. Obsidiani, kasema. Lava iliyopoa upesi mno, ikawa kioo. Watu wa kale wakilichonga visu, na visu vya mawe ya bonde hili vimefukuliwa mbali sana na hapa. Nikamwuliza umeyatoa mbugani? Akashtuka. Humo hakuna kuchukua hata changarawe, Mama! Hayo ni ya machimboni, huko nje.

Tumekula wali wa nazi na pweza. Kala sahani mbili. Sikuuliza.

Baridi imeingia hadi kwenye meno. Nimevaa shali zote.


Ijumaa, 11 Agosti

Z. kazini tangu alfajiri. Nimekwenda ziwani peke yangu, nimepanda boda, kijana mstaarabu, kaendesha polepole nilivyomwomba.

Barabara ya kusini mwa ziwa ni nyumba za maua tu, plastiki nyeupe mwendo mrefu. Wanawake wanatoka zamu na magamubuti, wamechoka, wanacheka. Ziwani migunga imesimama majini, imekufa, maji yaliifuata nchi kavu. Mvuvi kaniambia tangu 2020 ziwa limepanda likala mashamba na nyumba za watu. Kaninunulisha samaki. Nimempika jioni kwa ndimu na kitunguu saumu na bado ladha yake ni ya maji. Samaki asiyejua chumvi, nimemwonea huruma.

Nilimwuliza Z. ziwa hili linatokea wapi, maana mto unaoingia nimeambiwa, wa kutoka sikuuona. Swali hilo lilimfurahisha kupita kiasi. Kaacha kijiko. Leo halina mto wa kutoka, maji hupenya chini kwa chini, ndiyo maana hayajageuka magadi. Lakini maelfu ya miaka iliyopita mvua zilikuwa nyingi, ziwa kubwa mara nyingi kuliko hili, likafurika upande wa kusini. Yale maji yaliyofurika ndiyo yaliyochimba korongo la Njorowa. Utaliona kesho. Akachora kwa kidole kwenye meza, hapa ziwa, hapa mlima, hapa maji yalipopasulia. Ana vidole virefu. Udongo ndani ya kucha.

Nilikuwa karibu nimwulize hapo hapo. Akasema Mama, huyu samaki amezidi ndimu.

Usiku sana.

Silali. Mwenye nyumba ndiye sababu. Alikuja kunisalimu, mama wa watu, kaniletea chai ya maziwa, na kusikia kesho tunaingia mbugani akasema tu, kwa upole, "Korongoni mchunge mvua." Mvua ipi, kumekauka. Akasema hiyo ndiyo hatari yake, hainyeshi hapo. Hunyesha huko juu, nanyi mko chini mna jua, halafu maji yanakuja.

Nimesoma simuni hadi macho yanawasha. Aprili 2012, vijana wa kanisa, walikwenda matembezi. Saba. Septemba 2019, tena, watalii na mwelekezi wao. Saba.

Z. analala hapa kando yangu mdomo wazi, vile vile tangu utotoni. Mwezi wote huu anakwenda na kurudi humo, na simu kila jioni: mzima, Mama, nimekula, Mama.

Kesho nitamwambia hatuteremki. Tutatazama juu, tupige picha, turudi.


Jumamosi, 12 Agosti. Asubuhi

Mawingu hakuna. Nimetoka nje mara mbili kutazama. Z. ananicheka.

Saa tano, chini ya mwamba

Naandika nikiwa nimekaa. Magoti yanatetema, ya furaha na ya uchovu, siwezi kuyatenganisha.

Nimeendesha! Jamani nimeendesha. Baiskeli tumekodi kabla ya lango la Elsa, yangu breki ya nyuma ilikuwa ya kubembeleza, kijana akaikaza na spana. Buibui nimeupandisha, nimeufunga kwa pini mbili upande wa mnyororo, suruali ya Z. ndani. Hatua za mwanzo nilikwenda zigizaga na askari wa getini akageuza uso ili asicheke. Baada ya hapo mwili ukakumbuka wenyewe. Ya kaka yangu ile, yenye bomba la kati, vichochoroni, tukikimbizwa na wazee. Miaka yote hii miguu ilikuwa inajua, haikuniambia.

Barabara ni vumbi jepesi, jeupe, limejaa hadi kwenye nyusi. Majivu ya volkano, asema Z., siyo mchanga. Kulia na kushoto kuta za majabali, nyekundu, zimesimama wima. Punda milia walikatiza mbele yangu, nikakanyaga breki, nao wakasimama, tukatazamana. Ngiri na wanawe mkia juu. Twiga mmoja. Nyati mbali kabisa, nikawahesabu kwa jicho moja huku la pili linatafuta njia ya kukimbilia.

Mbuga yenyewe si kubwa, kilomita za mraba 68 na kitu, imefanywa hifadhi ya taifa mwaka 1984. Z. ndiye ananisomea haya ubaoni kwa sauti ya mwalimu. Nimemwachia.

Jabali nililokaa chini yake waliita Fischer's Tower. Mita 25, limesimama peke yake uwanjani. Vijana wanapanda kwa kamba, mmoja kanig'ang'aniza nijaribu, nimemwambia mwanangu, baiskeli inatosha kwa leo. Pimbi wamejaa hapa chini, wanene, hawana haya. Mmoja anatazama mahamri yangu bila kupepesa.

Mwelekezi wetu, kijana wa Kimaasai, katusimulia. Msichana aliozwa mbali, akaambiwa asigeuke nyuma kutazama kwao. Akageuka. Akawa jiwe, ndiye huyu.

Kimya. Z. akajifanya anafunga kamba za buti. Mimi nikajifanya natafuta maji.

Halafu Z., bila kuniangalia, akaanza na yake: hapa palikuwa na volkano, lava ikakwama kooni, ikagandia humo humo. Majivu yaliyoizunguka ni laini, mvua na upepo vikayala. Kilichobaki ni koo. Basi, hivyo tu. Mwelekezi akasema yote mawili ni kweli. Ana adabu kijana huyu.

Na huyo Fischer? Mjerumani, alikuja 1883, Wamaasai wakamzuia hapa hapa, akarudi alikotoka. Ndilo lililonikera. Mwanamume aliyerudishwa njiani kapewa jabali zima. Msichana aliyegeuka jabali lenyewe, jina lake hakuna anayelijua.

Mchana

Tumefika kwenye korongo, kilomita saba na ushei za kukanyaga, za mwisho nimeshuka nikaisukuma. Kuna mnara mwingine wa jiwe huku, mkubwa kuliko ule wa mwanzo, unauona muda mrefu kabla hujafika.

Njiani Z. kanisimamisha kwenye ukuta mmoja. Nguzo. Ukuta wote ni nguzo, zimepangana, nyembamba, pembe kwa pembe, ungesema fundi kazichonga. Nani kazichonga? Hakuna. Lava ikipoa hujivuta, ikijivuta hupasuka, na mipasuko hupendelea kukutana kwa pembe. Nikamwambia basi ni kama sima iliyopoa sufuriani, inavyojivuta kutoka ukingoni na kupasuka. Akanitazama. Akasema, Mama, ningekuwa nimekusikia wewe muhula wa kwanza nisingeumia kichwa vile. Ujinga, lakini nimelibeba neno hilo nikalishika njia nzima.

Juu ya ukuta mkubwa tumbusi wanazunguka. Wanataga humo, kwenye vibaraza vya jiwe. Madoa meupe yote yale ni yao.

Nimeswali adhuhuri chini ya mti. Kwetu kibla ni kaskazini moja kwa moja. Huku, kwa mujibu wa simu ya Z., kimeelemea mashariki kidogo. Nikapanga mkeka upya. Nyani kakaa kwa mbali akingoja nimalize, au akingoja ndoo.

Sasa hili la kuteremka.

Jioni, chumbani

Tumeteremka.

Nilikuwa nimeshasema hapana. Mwelekezi hakubishana. Akatazama juu, upande wa milimani, akapiga simu kwa mtu wake aliyeko huko juu, wakaongea Kimaasai kitambo. Akaniambia: "Mama, huko kumekauka. Tunaingia kidogo, nikisema turudi tunarudi, hakuna picha ya mwisho." Hilo la hakuna picha ya mwisho ndilo lililonitoa hofu. Mtu anayejua watu hufia wapi.

Ngazi za jiwe, vishikio vilivyochongwa na maji, miguu ya watu imevilainisha. Mwelekezi mbele, Z. nyuma yangu, mikono yake kiunoni mwangu. "Weka mguu wa kushoto. Siyo huo, Mama. Wa kushoto." Nilimfundisha mimi kutembea.

Chini ni baridi, halafu ghafla ni joto. Kuta zimekaribiana hadi mbingu imebaki utepe. Tabaka juu ya tabaka, la kijivu, la manjano, jeusi jembamba, la kijivu tena, kila moja mlipuko wake. Z. anayapitisha kidole bila kugusa. Hapa mlima ulitema majivu. Hapa ulinyamaza. Hapa ukatema tena. Maji yamepita yakakata yote kwa mkunjo mmoja, laini, mpaka unataka kuweka shavu.

Niliweka mkono. Ukuta una joto! Mahali pengine maji yanatoka mwambani yanafuka mvuke, mwelekezi kasema hapo yai linaiva, akanizuia nisisogee. Akakwangua udongo mwekundu kidogo akajichora shavuni, alama yao ya morani. Akatutazama, akaona hatujui tucheke au tusicheke, akacheka yeye.

Halafu nikaona gogo. Gogo zima la mti, limekwama kati ya kuta mbili, juu ya vichwa vyetu, juu kweli. Sikuelewa limepandishwaje huko. Kisha nikaelewa.

Mwelekezi aliona nimeelewa. Akasema tu, "Turudi."

Hakuna aliyebisha. Sehemu ya mbele zaidi hatukuifika, sitaki kuifika. Tulipotoka juu kulikuwa na jua, na wingu moja dogo upande wa mlima ambalo labda halikuwa na neno lolote. Nimempa mwelekezi pesa zaidi ya tulizopatana. Nimempa na achari.

Kurudi barabara inateremka. Sikukanyaga pedali. Z. kanipita akipiga kelele, buti hewani, na mimi nyuma yake shali inapepea, wazungu wawili wamesimama kutupisha. Sikumbuki mara nyingine nilipomsikia akicheka vile tangu aende chuo.

Babake kapiga simu isha. Vipi? Nikamwambia tumetembea. Ulimuuliza? Nikamwambia mtandao mbaya.


Jumapili, 13 Agosti

Mapaja si yangu. Kukaa ni kazi, kuinuka ni kazi mbili.

Z. kaniazimia gari la mwenzake, kanipeleka nione kazini, kwa nje. Olkaria. Mabomba ya fedha yanapanda vilima, yanashuka, kila baada ya mwendo yanapinda pembe nne yanarudi njia. Nikamwuliza mbona wamepoteza mabomba kwa kuyapinda. Chuma kikipata moto hurefuka, Mama, kisipopata pa kurefukia kitapasuka. Visima huenda chini hadi kilomita tatu. Mvua iliyonyesha zamani imezama, imekutana na mawe yenye moto, imekuwa mvuke. Tunautoa, unazungusha mitambo, maji yanarudishwa chini. Tangu 1981 hivyo. Zaidi ya theluthi ya stima ya Kenya. "Tunautoa," anasema. Yuko kwenye mafunzo na anasema "tunautoa".

Kisima kimoja kilikuwa kinapumua nje. Kelele hiyo inaingia kifuani, si masikioni. Harufu ya yai viza. Yeye kasimama kwenye harufu hiyo anatabasamu.

Mbele kidogo, punda milia wanakula chini ya bomba.

Na hapo ndipo alipoanza yeye. "Mama. Baba alikutuma na neno."

"Alinituma."

"Basi litoe."

Nikalitoa. Ofisi ya ami yake bandarini, kiti kipo, mshahara umetajwa, kuanzia mwezi ujao. Nyumbani. Nikalisema lote nilivyolipewa, sikuongeza, sikupunguza. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema ameshatia saini ya huku. Wiki iliyopita. Miaka miwili.

Wiki iliyopita! Na mimi nafungia chupa za achari!

Nimekasirika. Niliandika hapa mengi nikayafuta. Si kazi yenyewe, ni kule kutuweka kando, tuje tuambiwe baada ya wino kukauka. Nimemwambia hivyo. Akasema, "Ningeuliza mngekataa." Nikasema, "Na tungekataa, hiyo si haki yetu?" Akasema, "Ni haki yenu. Na mimi nina yangu." Kwa adabu, macho chini. Hakuna kitu kinachoudhi kuliko mtoto anayekukatalia kwa adabu.

Tumerudi hatusemi.

Usiku

Kapika yeye. Maharagwe ya nazi, yameungua kidogo chini, nimekula yote. Baadaye kaketi sakafuni kanikanda mapaja na mafuta ya nazi. Mikono imekuwa migumu. Nikamwuliza huko kisimani hufanya nini hasa, saa kwa saa. Kanieleza mpaka saa tano. Vipande vya mwamba vinavyotoka na machimbo, huvikusanya kila baada ya mita kadhaa, huviosha, huvitazama kwa hadubini, hujua kuna joto kiasi gani huko chini kwa kutazama punje zilizoota ndani ya jiwe. Wanaume wazima wanamngoja yeye aseme wachimbe au wasimame.

Wanamngoja yeye.

Bandarini angeandika makontena. Si kazi mbaya, imetulisha sote. Lakini nimemwona jana akipitisha kidole kwenye zile tabaka.

Bado nimekasirika. Yote mawili.


Jumatatu, 14 Agosti. Treni ya kurudi

Kanisindikiza stendi kabla ya zamu. Kanishika mkono dirishani mpaka matatu ikatoka. Sikulia. Nililia Kinungi.

Ndoo nimemwachia. Kaniwekea begini jiwe, na kikaratasi: lilitoka wapi, tarehe, na mwishoni "si la mbugani" kwa wino mwekundu, anijua.

Mtito Andei. Babake kapiga. Safari hii mtandao safi.

Nimemwambia. Nimeanza na korongo, akanikata, nikamwambia ngoja, nitafika. Nikamweleza gogo. Nikamweleza mwelekezi na simu yake. Nikamweleza wanaume wanaomngoja binti yako aseme. Kisha nikamwambia mkataba ni wa miaka miwili, unaanza Septemba mosi, umeshatiwa saini, na mimi sikubaliani na alivyofanya lakini na alichofanya nakubaliana. Amwambie nduguye kile kiti akipe mtu mwingine.

Kanyamaza kitambo, hadi nikadhani kweli simu imekatika.

"Na baridi?" akauliza.

"Kali."

Lile blanketi la kahawia aliteremshe kutoka juu ya kabati, alianike jua la kutosha. Litapakiwa basi la Jumatano. Na yeye atafute viatu vya kufunga kamba, maana Desemba tunakwenda sote na mimi sitamsukumia mtu baiskeli.